Goti jipya pekee halitoshi: Jinsi rununu inavyomsaidia mgonjwa kujifunza upya kutembea

UPASUAJI wa kuweka goti bandia huchukua muda wa saa moja hadi mbili. Kazi ya kumwezesha mwenye goti hilo kutembea, kupanda ngazi na kuinuka kitini bila kushikwa mkono huchukua miezi mitatu, na wakati mwingine mwaka mzima.

Kazi ya kwanza hufanywa na daktari mpasuaji akiwa amezungukwa na wasaidizi na mitambo. Ya pili humwangukia mgonjwa mwenyewe, aghalabu akiwa nyumbani kwake, mbali na hospitali, bila mtu wa kumwambia iwapo anafanya mazoezi yake sawasawa au anajiumiza bure.

Pengo hilo baina ya wodi na nyumbani ndilo ambalo watafiti katika mataifa kadhaa wamekuwa wakijaribu kuliziba kwa teknolojia ya kidijitali. Vifaa wanavyotumia ni vya namna nyingi: arafa za kawaida, mazungumzo ya video, kamera zinazosoma mwendo wa mwili, na hata vihisi vinavyopachikwa ndani ya goti lenyewe.

Kwa Mkenya anayeishi mamia ya kilomita kutoka hospitali iliyomfanyia upasuaji, suala hili lina uzito wa pekee. Mgonjwa anayeshindwa kurudi kwa mazoezi kwa sababu ya nauli anaweza kujipata na goti gumu lisilokunjika, ilhali familia yake imeuza ng'ombe au shamba ili kulipia goti hilo.

Goti huharibika vipi?

Mahali mfupa wa paja unapokutana na ule wa muundi pamefunikwa kwa gegedu, utando laini na telezi unaozuia mifupa kusagana. Gegedu hilo likiliwa, kwa ajili ya umri, uzani mkubwa wa mwili, jeraha la zamani au kazi za sulubu, mgonjwa huanza kuhisi maumivu kila anapotembea. Goti huvimba, hukakamaa asubuhi, na hatimaye mguu huanza kupinda.

Maradhi hayo ndiyo yanayoitwa osteoathritisi, aina moja ya yabisi ya viungo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 528 kote ulimwenguni walikuwa wakiishi nayo mnamo 2019, na kwamba goti ndicho kiungo kinachoathirika zaidi, likiwa na wagonjwa wapatao milioni 365. Asilimia 60 ya wanaougua ni wanawake, na wengi wamepita umri wa miaka 55.

Dawa za kutuliza maumivu, kupunguza uzani na mazoezi huwasaidia wengi. Wale ambao magoti yao yamechakaa kupita kiasi ndio hushauriwa kufanyiwa upasuaji. Daktari huondoa sehemu nyembamba ya ncha za mifupa iliyoharibika, akazifunika kwa vipande vya metali, kisha akaweka kipande cha plastiki ngumu kati yake ili kichukue nafasi ya gegedu.

Wazo lenyewe ni la kale. Mnamo 1890, daktari Mjerumani Themistocles Gluck alijaribu kuweka magoti ya pembe za ndovu jijini Berlin, lakini maambukizi yakamharibia kazi. Ilibidi kusubiri hadi 1968, Frank Gunston alipotengeneza nchini Uingereza goti la metali na plastiki, na hadi 1974, madaktari wa New York walipoanza kutumia goti ambalo ndilo babu wa yale yanayowekwa leo.

Magoti ya siku hizi hudumu. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mnamo 2019 ulikadiria kuwa takriban asilimia 82 ya magoti kamili ya bandia huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Nchini Kenya, upasuaji huu hufanywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, katika hospitali za Kijabe na Kikuyu, na pia katika hospitali kadhaa za kibinafsi.

Vita baada ya kisu

Baada ya upasuaji, adui wa mgonjwa huwa ni wawili: udhaifu na ukakamavu.

Tuanze na udhaifu. Msuli mkubwa ulio mbele ya paja, ambao ndio hunyoosha goti na kumzuia mtu asianguke anaposhuka ngazi, hupoteza nguvu kwa kasi. Vipimo vilivyochukuliwa mwezi mmoja baada ya upasuaji vimeonyesha kuwa msuli huo unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu uliokuwa nazo kabla ya mgonjwa kulazwa. Nguvu hizo hazirudi kwa kulala kitandani wala kwa kukandwa mafuta. Hurudi kwa mazoezi.

Ukakamavu nao hutokana na jinsi mwili unavyojiponya. Kila penye jeraha, mwili hujenga kovu, na kovu likiachwa bila kunyooshwa, hujikaza na kulifunga goti. Wiki za kwanza kovu hilo lingali changa na hunyumbulika. Likishakomaa, huenda mgonjwa akalazimika kurudi katika chumba cha upasuaji, apewe nusukaputi, kisha daktari alikunje goti kwa nguvu.

Wataalamu hupima maendeleo ya mgonjwa kwa nyuzi za pembe. Mguu ulionyooka kabisa huwa kwenye nyuzi sifuri. Ili kutembea mahali tambarare, goti huhitaji kukunjika kufikia nyuzi 67 hivi. Kupanda ngazi huhitaji takriban nyuzi 83, kuketi kitini na kuinuka takriban nyuzi 93, na kufunga kamba za viatu takriban nyuzi 106.

Takwimu hizo zilipimwa katika nchi ambako watu huketi vitini na vyooni hukaa. Maisha ya Wakenya wengi yanadai zaidi. Kuchutama kwenye choo cha shimo, kusujudu msikitini, kupiga magoti kanisani, kuketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mafiga au kukama ng'ombe, yote hayo hulikunja goti kupita nyuzi 106. Goti bandia lililofanyiwa mazoezi vyema aghalabu hufika nyuzi 110 hadi 125. Hivyo basi, kila uzi unaopotea kwa uvivu au kwa kukosa mwelekezi ni sehemu ya maisha inayopotea.

Mazoezi yenyewe si ya ajabu. Siku ya kwanza, mgonjwa huchezesha vifundo vya miguu ili damu isigande, hukaza msuli wa paja na kuulegeza, na husimamishwa kwa usaidizi. Baadaye huburuta kisigino kitandani ili kulikunja goti, huinua mguu ukiwa umenyooka, hutembea kwa kiunzi au mikongojo, kisha kwa bakora. Ugumu uko katika kuyarudia mara kadhaa kila siku, kwa majuma mengi, goti likiwa bado linauma.

Hapa ndipo mtaalamu wa fiziotherapia anapohitajika. Yeye hupima nyuzi, hurekebisha makosa, huongeza uzito wa mazoezi kwa wakati ufaao na, muhimu zaidi, humtia mgonjwa moyo. Tatizo ni kumfikia. Chukua mathalani mgonjwa anayetakiwa kuhudhuria mazoezi mara mbili kwa wiki kwa majuma sita. Hizo ni safari 12, yaani nauli 24 za kwenda na kurudi. Kwa kuwa hawezi kupanda matatu peke yake, atahitaji msindikizaji, na nauli zitakuwa 48. Anayetoka Lodwar, Hola au Wajir kwenda Nairobi hata hawezi kulifikiria jambo hilo.

Arafa zinazokumbusha na kufariji

Teknolojia iliyo rahisi zaidi ni ile ambayo karibu kila Mkenya anayo mfukoni: ujumbe mfupi wa simu.

Mnamo 2019, madaktari wa Chicago, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha wagonjwa 159 waliokuwa wamewekewa magoti au nyonga bandia. Nusu yao walipewa maelezo ya kawaida ya hospitali. Wengine walipewa maelezo hayo hayo, na kuongezewa arafa zilizotumwa na tarakilishi kwa ratiba maalumu. Arafa hizo zilikumbusha kuhusu mazoezi, zilieleza maumivu na uvimbe wa kutarajiwa kila wiki, na zilitia moyo. Mgonjwa aliyeandika swali la kawaida alijibiwa na mtambo papo hapo.

Waliotumiwa arafa walifanya mazoezi kwa takriban dakika 46 kwa siku, wenzao wakifanya kwa dakika 38. Aidha, waliacha kutumia dawa kali za maumivu, zile za jamii ya afyuni, siku 10 hivi mapema kuliko wenzao, na walipiga simu chache kwa ofisi ya daktari.

Dakika nane zaidi kwa siku huenda zikaonekana si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Kwa majuma sita, dakika hizo hufikia takriban saa tano na nusu za mazoezi ambayo mgonjwa asingeyafanya. Kuacha mapema dawa ambazo zinaweza kumfanya mtu mtumwa wake ni faida nyingine isiyohitaji kuelezwa.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba arafa hazihitaji simu ya bei ghali wala intaneti. Wakenya walizoea kutuma na kupokea pesa kwa simu za kawaida tangu M-Pesa ilipozinduliwa mnamo 2007. Kupokea ujumbe wa kukumbushwa kuinua mguu hakuwezi kuwa kazi ngumu kuliko hiyo.

Mtaalamu kwenye kioo cha simu

Hatua ya pili ni mazungumzo ya video. Mtaalamu hukaa hospitalini mbele ya tarakilishi, mgonjwa akakaa sebuleni kwake, simu au kipakatalishi kikiwa kimeegemezwa mahali panapoonyesha mguu wote. Mtaalamu hutazama, huhesabu, hukosoa. "Haya mama, kunja tena, polepole. Usiinue nyonga. Hapo hapo, shikilia."

Wengi hudhani kwamba njia hii huhitaji intaneti ya kasi kubwa. Watafiti wa Brisbane, Australia, waliwafuatilia wagonjwa 65 kwa majuma sita na kuchapisha matokeo yao mnamo 2011. Walitumia mawasiliano ya kasi ndogo mno, ya kilobiti 18 pekee kwa sekunde, kasi ambayo leo ingechukuliwa kuwa ya konokono. Hata hivyo, waliohudumiwa kwa mtandao walipata nafuu sawa na wale waliokwenda hospitalini.

Jaribio kubwa zaidi lilifanywa katika mkoa wa Quebec nchini Kanada, na matokeo yake yakachapishwa mnamo 2015. Wagonjwa 205 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa nyumbani na wataalamu, jingine likahudumiwa kwa video. Kila mgonjwa alipata vipindi 16 katika muda wa wiki nane. Mwishowe, waliohudumiwa kwa video hawakuwa nyuma ya wenzao katika maumivu, ukakamavu wala uwezo wa kufanya shughuli za kila siku.

Watafiti hao walipopiga hesabu ya gharama, waligundua jambo linaloihusu Kenya moja kwa moja. Video iliokoa pesa hasa pale ambapo safari ya mtaalamu ya kwenda kwa mgonjwa na kurudi ilizidi kilomita 30. Kadiri mgonjwa anavyoishi mbali, ndivyo faida inavyoongezeka. Katika kaunti zetu kame, kilomita 30 ni umbali wa kwenda sokoni.

Kamera inayosoma mwendo

Hatua ya tatu ni ya juu zaidi. Hapa mgonjwa husimama mbele ya kamera maalumu inayoweza kutambua viungo vya mwili na kukadiria pembe zake. Kwenye skrini huonekana mtu wa kuchorwa anayemwonyesha zoezi. Mgonjwa akikunja goti kidogo kuliko inavyotakikana, au akiinama upande, mtambo humwambia papo hapo. Takwimu zake zote hutumwa kwa mtaalamu, ambaye huzipitia na kubadilisha mazoezi inapobidi.

Mfumo wa aina hiyo ulijaribiwa katika vituo vinne nchini Marekani, chini ya uongozi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, na matokeo yakachapishwa mnamo 2020. Wagonjwa 306 waliokuwa wamewekewa goti walishiriki. Katika majuma 12 ya kwanza, gharama za matibabu ya mgonjwa wa kati katika kundi la kidijitali zilikuwa dola 1,050, zikilinganishwa na dola 2,805 katika kundi la kawaida. Waliolazimika kulazwa tena walikuwa 12 katika kundi la kwanza, na 30 katika la pili. Uwezo wa magoti yao ulikuwa sawa.

Habari hizo ni njema, lakini hazikukosa doa. Katika kundi la kidijitali, asilimia 19.4 ya wagonjwa waliripoti kuwa walianguka, dhidi ya asilimia 14.6 ya wale wa kundi la kawaida. Kamera inaweza kuona goti likikunjika. Haiwezi kunyoosha mkono kumdaka mtu anayepepesuka.

Isitoshe, wagonjwa wa kundi hilo hawakuachwa na mtambo peke yao. Kila mmoja alikuwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyemfuatilia kwa mbali na kuzungumza naye kwa video. Wanaotaja utafiti huu ili kuuza programu zisizo na binadamu nyuma yake wanapotosha.

Vihisi mwilini na ndani ya goti

Kundi la nne ni la vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyotambua mwendo. Rununu nyingi za kisasa huwa navyo tayari. Ndivyo hufanya picha igeuke unapolaza simu. Kwa kutumia vihisi hivyo, kuna programu zinazoweza kupima pembe ya goti simu ikiwekwa juu ya muundi au paja. Saa za mkononi na mishipi inayofungwa mguuni nayo huhesabu hatua na kuonyesha iwapo mgonjwa anatembea zaidi leo kuliko jana.

Mnamo Agosti 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha goti lijulikanalo kama Persona IQ, la kampuni za Zimmer Biomet na Canary Medical. Ndani ya sehemu inayoingia kwenye mfupa wa muundi mna vihisi vinavyohesabu hatua, kasi ya kutembea na kiwango cha kukunjika kwa goti. Kifaa kingine kilichowekwa nyumbani hupokea takwimu hizo mgonjwa akiwa amelala na kuzituma kwa daktari.

Teknolojia hiyo ni ghali, na kwa mgonjwa wa kawaida wa Kenya haina dharura. Kuhesabu hatua kunaweza kufanywa na simu ya bei nafuu, au hata na mjukuu mwenye daftari. Funzo lake ni lile wazo lililo nyuma yake: kwamba daktari ajue jinsi mgonjwa anavyoendelea kila siku, badala ya kungoja amwone baada ya wiki sita na kugundua kuwa mambo yaliharibika katika wiki ya pili.

Mipaka ya teknolojia

Teknolojia haifai kila mtu. Mgonjwa mwenye kizunguzungu, asiyeona vyema, aliyewahi kupata kiharusi au anayeishi pekee yake anahitaji mtu wa kuwa karibu naye anapofanya mazoezi ya kusimama. Goti ambalo halijafika nyuzi 90 baada ya majuma kadhaa linahitaji kuguswa na mikono ya mtaalamu. Hakuna skrini inayoweza kulikanda kovu.

Vilevile kuna hatari ambazo programu inaweza kuzipitia bila kuzitambua. Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni, mgonjwa hukosa pumzi ghafla na kuumwa na kifua, na anaweza kufa. Kidonda kinachotoa usaha, wekundu unaosambaa au homa inayopanda ni dalili za maambukizi. Mgonjwa mwenye dalili zozote kati ya hizi anapaswa kupelekwa hospitalini mara moja. Si wakati wa kungoja kujibiwa arafa.

Umri ni kikwazo kingine. Wengi wanaowekewa magoti bandia ni wazee, na baadhi hawajawahi kugusa simu yenye intaneti. Hata hivyo, katika jamii zetu mzee hukosa mtu wa kumshikia simu mara chache. Mwana au mjukuu anayeonyeshwa jinsi ya kufungua video siku ya kuondoka hospitalini anaweza kuwa msaidizi bora. La muhimu ni kwamba maagizo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Programu nyingi zilizoundwa ng'ambo huzungumza Kiingereza tu, na mwanamke wa miaka 70 aliyezaliwa Kwale au Kisii hafai kulazimika kutafsiri huku akihema kwa maumivu.

Kisha kuna suala la siri za mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazitambua habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, zinazohitaji ulinzi wa ziada. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 nayo iliweka msingi wa kisheria wa kutoa huduma za afya kwa njia ya kidijitali nchini. Mgonjwa ana haki ya kuuliza ni nani ataona picha za mwili wake, zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Video ya mguu ulio wazi haipasi kusambazwa katika kundi la WhatsApp la ukoo.

Mwisho, kuna walaghai. Tangu Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014 kupitishwa, wanaofanya kazi hiyo nchini wanatakiwa kusajiliwa na baraza linalowasimamia. Sharti hilo halitoweki kwa sababu tu mtaalamu yuko upande wa pili wa simu. Anayejitangaza mtandaoni na kuitisha pesa kabla ya kutaja nambari yake ya usajili ni wa kuepukwa.

Mgonjwa aanzie wapi?

Kwa msomaji anayetarajia kufanyiwa upasuaji huu, au aliye na mzazi anayeutarajia, yapo mambo ambayo yanaweza kufanywa hata kama hospitali yake haina mfumo wowote maalumu wa kidijitali.

Kwanza, maandalizi yaanze kabla ya kisu. Mgonjwa na akutane na mtaalamu wa fiziotherapia angali anatembea, afunzwe mazoezi goti likiwa halijakatwa, na aulize ikiwa atawezwa kufuatiliwa kwa simu au kwa video baada ya kurudi nyumbani. Wakati huo huo, aulize iwapo bima yake inalipia huduma hiyo, iwe ni ya kibinafsi au ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024.

Pili, kabla ya kuondoka wodini, aombe mtaalamu amrekodi kwa rununu yake mwenyewe akifanya kila zoezi inavyotakikana. Video ya dakika tano, mgonjwa akijiona na kusikia sauti anayoifahamu ikimwelekeza kwa lugha yake, inaweza kumfaa kuliko karatasi iliyojaa michoro. Akifika nyumbani, aiige.

Tatu, atumie kengele ya simu. Aipange ilie mara tatu kwa siku, na kila inapolia afanye mazoezi kabla ya kufanya jambo jingine. Mazoezi ya kulikunja goti yafanywe baada ya dawa ya maumivu kuanza kufanya kazi. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa husaidia kupunguza uvimbe baadaye.

Nne, apigwe picha moja kila wiki akiwa ameketi na goti limekunjwa kadiri awezavyo, kutoka upande, simu ikiwa katika kimo cha goti. Nyingine ipigwe akiwa amenyoosha mguu kitandani. Picha hizo zikitumwa kwa mtaalamu na kulinganishwa, zitaonyesha maendeleo au kukwama mapema vya kutosha kwa hatua kuchukuliwa. Jambo la kuogofya zaidi ni goti ambalo nyuzi zake haziongezeki kwa wiki mbili mfululizo.

Tano, nyumba nayo iandaliwe. Mikeka inayoteleza na nyaya za umeme sakafuni ziondolewe, taa iwekwe njiani kuelekea chooni, na patafutwe kiti kirefu chenye mikono. Palipo na choo cha shimo, fundi anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuwekwa juu yake. Mwislamu anaweza kuswali akiwa kitini hadi goti liwe tayari. Tahadhari hizi hazina teknolojia yoyote, lakini ndizo zinazokinga dhidi ya kule kuanguka ambako kamera haikuweza kukuzuia.

Hospitali nazo zina wajibu. Kumpa mgonjwa nambari moja ya simu inayopokelewa na mtaalamu kwa saa zilizotajwa, kumpigia siku ya tatu, ya saba na ya 14, na kutunga arafa chache za Kiswahili zinazotumwa kwa ratiba, hakuhitaji mitambo ya mamilioni. Kunahitaji mtu aliyepewa kazi hiyo na muda wa kuifanya. Serikali za kaunti, ambazo ndizo huendesha hospitali nyingi za umma tangu ugatuzi uanze mnamo 2013, zinaweza pia kuwaunganisha wataalamu wa hospitali zao na wenzao wa hospitali kuu. Kwa njia hiyo mgonjwa wa Lodwar ataguswa na mtaalamu aliye Lodwar, huku yule wa Nairobi akitazama na kushauri.

Goti bandia linaweza kudumu miaka 25. Wiki 12 za kwanza ndizo huamua kwa kiasi kikubwa jinsi mwenyewe atakavyoishi nalo miaka hiyo yote. Teknolojia iliyopo leo inaweza kuhakikisha kuwa hakuna mgonjwa anayezipitia wiki hizo akiwa peke yake, maadamu upande wa pili wa simu kuna mtaalamu anayesikiliza, na upande huu kuna mgonjwa aliye tayari kuinua mguu kengele inapolia.